Kinyonga Hahitaji Mapenzi Yako

Tafadhali, mtu asinitumie tena video ya kinyonga akiwekwa juu ya leso nyekundu, kisha kreti ya soda, kisha jezi ya Gor Mahia, huku watu wanacheka nyuma ya kamera. Nilimjua mmoja aliyepigwa video kama hizo. Alikaa siku 23 kwenye chumba changu kimoja hapa Witeithie, na nyingi kati ya hizo nililala nikijua asubuhi nitamkuta amekufa.

Aliyemkamata ni rafiki yangu, jirani wa ghorofa ya pili, mtu mzuri kabisa. Alimtoa kwenye ua wa michongoma nyuma ya ploti, msimu wa mvua. Video ya kwanza ilitazamwa kuliko zote alizowahi kuweka. Ya pili ikapungua. Kufikia ya tano kinyonga alikuwa mweusi tu, habadiliki hata umweke juu ya nini, na mtu akaandika hapo chini, "huyu ameishiwa bando." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, acha niseme mapema.

Baada ya hapo akahamishiwa kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, kifuniko kimetobolewa kwa msumari wa moto. Humo ndani aliwekewa majani ya sukuma wiki na maji kwenye kifuniko cha chupa. Sasa sikiza: kinyonga hali sukuma. Anakula wadudu, tena wanaotembea, kwa sababu jicho lake linawinda kinachosogea. Na maji yaliyotulia kwa kawaida hayatambui kama maji. Hulamba matone, umande, mvua inayoning'inia kwenye jani. Kwa hivyo alikaa karibu wiki tatu kando ya chakula na maji akifa njaa na kiu, na mwenyewe akiapa kwamba anamlisha kila siku. Hakuwa anadanganya. Afadhali angekuwa anadanganya.

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Wanasema rafiki yangu alikuwa mkatili. Hapana. Alimpenda yule mnyama, alimpa jina, alimweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp na kopa tatu. Kitu ambacho hakufanya, hata dakika moja, ni kumtazama. Hakuwahi kujiuliza yule alikuwa anafanya nini kwenye michongoma kabla hajamtoa huko. Mapenzi ya aina hiyo mnyama anaweza kufa nayo vizuri sana.

Chukua hilo suala la rangi, ambalo sisi sote tumelikariri vibaya tangu nasari. Kinyonga hajifananishi na leso yako. Mwaka wa 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, wakichunguza vinyonga wa Madagaska, walionyesha kwamba ngozi ya mnyama huyu ina chembe ndogo mno za fuwele. Akizisogeza karibu au akizitawanya, mwanga unaorudi kwetu unageuka rangi. Na anachokisema kwa rangi hizo ni mambo yake: nina baridi, nimekasirika, nimeona dume mwenzangu, naogopa. Mweusi ule uliochekesha watu kwenye video ya tano haukuwa kuisha bando. Kwa kinyonga aliyeshikwashikwa mchana kutwa, mara nyingi weusi huo ndio kelele pekee aliyo nayo.

Na nikiwa hapo hapo, tuache kumwita mwanasiasa anayehama chama kinyonga. Kinyonga anageuka rangi ukajua anachohisi. Huyo mwingine anageuka ili usijue. Ni tusi, ndiyo, lakini limeelekezwa kwa asiyehusika.

Mathe wangu aliposikia ninaye chumbani alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani laini imekatika. Kwa Kikuyu anaitwa kimbu, na kwetu kimbu ana kesi ya zamani. Mungu alimtuma na habari kwamba watu wakifa watarudi; akatembea pole pole, akafika akagugumia maneno, na kabla hajamaliza ndege akafika na habari nyingine: mkifa mmekufa. Wazulu nao wana ya kwao, ila kwao aliyempita kinyonga njiani ni mjusi. Yaani kutoka Kiambu mpaka Afrika Kusini mnyama huyu amebebeshwa lawama za kifo chenyewe kwa sababu ya mwendo wake. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunamtia ugoro mdomoni tuone anavyolewa na kuanguka. Hakuna mtu mzima aliyetukataza. Kizazi chetu kinadhani kimeendelea kwa sababu hakimtii ugoro, kinampiga video.

Mathe hakusema nimtupe. Alisema tu, "Si usimlete huku nyumbani."

Wasiojua Kikuyu: Witeithie maana yake ni "jisaidie". Ndiyo, cheka, najua Kiswahili kimeifanyia nini hiyo kauli. Lakini ni jina la kweli la mahali hapa, kati ya Juja na Thika, na ndivyo tunavyoishi, kila mtu na mlango wake. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, ada ikiwa imenishinda, na naandika makala za watu kwa malipo ya kila ukurasa. Sikuwa mtu wa kuokoa chochote. Nilimchukua kwa sababu rafiki yangu alisema, "Mchukue, kesho namtupa," na nilipofunua ndoo macho yake yalikuwa yamezama ndani kama mashimo mawili.

Mkono mmoja wa mbele ulikuwa umepinda. Taya lilikuwa laini. Mwanafunzi mmoja wa mambo ya wanyama, rafiki wa rafiki, alinielekeza kwa simu jioni tatu mfululizo bila kuniomba kitu. Aliniambia jambo la kwanza ni nisimmwagie maji mdomoni, yatamwingia kwenye pumzi. Nikaazima kwa kinyozi ile chupa ya kunyunyizia vichwa, nikaingiza tawi la mpera kwenye mtungi, nikawa nanyunyizia majani mpaka yadondoke. Mara ya kwanza alikaa tu. Mara ya pili, karibu nusu saa ya kunyunyiza, akafungua mdomo akalamba jani, kisha lingine, kisha akalamba kwa dakika nyingi hivi kwamba niliogopa kusimamisha mkono.

Kosa langu lilikuwa dirisha. Siku sita nzima nilimweka kwenye jua la dirishani nikijisifu. Kumbe kioo kinazuia miale ile ile anayoihitaji. Bila hiyo mwili wake hautengenezi vitamini D, bila vitamini D kalsiamu haiendi kwenye mifupa, na mifupa inakuwa kama plastiki iliyoachwa karibu na jiko. Siku sita. Na mimi ndiye nilikuwa namcheka mwenye sukuma wiki.

Baada ya hapo kila asubuhi nilimpandisha kwenye paa la ploti, pale pa kuanikia, tawi na yote. Mama mmoja jirani, mjamzito, akahamisha nguo zake upande wa pili bila kusema neno. Panzi niliwakamata kwenye nyasi za kando ya shamba lisilopigwa dawa, nikawapaka unga wa maganda ya mayai niliyoyatwanga mwenyewe. Tatizo ulimi. Kinyonga mwenye mifupa laini hawezi kuurusha. Ulitoka nusu, ukaning'inia, ukarudi mtupu, panzi yupo pale pale. Nikawa namkaribishia mdomoni. Siku ya 11 nilimwona akikaza macho yote mawili mbele, akajisukuma kidogo kama mtu anayetaka kupiga chafya, na panzi hakuwepo tena kwenye jani. Nilipiga kelele peke yangu juu ya paa.

Mkono haukunyooka. Hautanyooka.

Sasa wewe unayesoma hii na kufikiria kwamba basi utamfuga vizuri, kwa chupa ya kinyozi na unga wa mayai: hapana. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inataka kibali cha kuweka mnyama wa porini, na haina kifungu cha "lakini nilimpenda." Kwa hesabu hiyo rafiki yangu alikuwa na makosa na mimi pia, siku zote 23. Ukimkuta aliye katika hali hiyo, wapigie KWS kwanza. Mimi niliogopa, na kuogopa kwangu hakukumnufaisha mtu.

Najua jibu: si ni mjusi tu? Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji, wa miaka 19, walikamatwa Naivasha na malkia wa sisimizi karibu 5,000, wakiwa kwenye vichupa vyenye pamba. Mwezi uliofuata walitozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au miezi 12 jela. Tulivyocheka mtandaoni! Sisimizi jameni! Kwetu mnyamapori ni yule anayefuatwa na gari la watalii. Walio nje wanajua bei ya hawa wadogo kuliko tunavyojua majina yao.

Vinyonga nao walishasafirishwa zamani. Mwaka wa 1972 mwenye duka moja la wanyama huko Kaneohe, Hawaii, aliagiza kutoka Kenya makumi ya vinyonga wa pembe tatu. Walifika wamekonda, wamekauka kwa safari. Mtu wa watu akawaonea huruma, akawaachilia kwenye bustani yake wapate nafuu. Wakapata nafuu kweli. Wakasambaa, na leo wamo kwenye misitu ya visiwa vile wakila wadudu na konokono adimu ambao hawapo kwingine duniani. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika hadithi hiyo nzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ndiyo maana nilipoanza kutafuta pa kumwachilia sikuwaza Karura wala Ol Donyo Sabuk, ingawa watu walinishauri. Anarudi alikotoka. Mchongoma ule ule. Waswahili wanasema kuupanda ni rahisi, kushuka ndiyo ngoma. Yeye anaupanda na kuushuka kati ya miiba kila siku na hajawahi kuchanika, maana vidole vyake vimeumbwa kushika hivyo hivyo.

Nikaenda kuangalia siku moja kabla. Ua haukuwepo. Mwenye shamba alikuwa ameukata wote na kuanza kusimamisha ukuta wa mawe ya Ndarugu, yale yanayochimbwa hapa karibu, mazuri, yaliyokatwa kwa mashine, ya mraba. Simlaumu sana, mchongoma hauzuii wezi siku hizi na ploti inauzwa vizuri ikiwa na ukuta. Lakini nilisimama pale nikahesabu ni nyua ngapi nilizozijua nikihamia mtaa huu, na ngapi zimebaki, na hesabu haikuchukua muda.

Tulimpeleka kwenye ua uliofuata, hatua kama 150 kutoka pale, ambao bado ni michongoma mitupu na lantana. Rafiki yangu alikuja, nikamruhusu, ni haki yake pia. Kinyonga alishika kijiti cha kwanza kwa ule mkono uliopinda, akayumba, akatulia, akaendelea. Alikuwa kijani, kijani cha kawaida, na baada ya kama dakika nne sikuweza tena kumwonyesha mtu yuko wapi. Rafiki yangu alipiga video. Mpaka naandika hivi imetazamwa na watu 41.

Tukarudi kwa kufuata ua. Kwenye kona yake, upande wa barabara, lori lilikuwa limeshamwaga mawe.