Kasuku Wako Haogopi Maji, Anakuogopa Wewe

Wasee, wiki hii simu imenionyesha video moja mara tano. Kasuku ameshikwa mabawa, anasukumwa chini ya mfereji, anapiga nduru, na jamaa aliyemshika anacheka. Kwa komenti ni vicheko tu: "Huyu anaogopa kuoga kuniliko!"

Mimi sicheki tena. Na si eti mimi ni mtakatifu.

Nilipoacha chuo nilihamia kwa mjomba, nikaanza kutafuta vitu vya kuposti. Mjomba ana kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, jina Pilipili, na kibali chake cha KWS kiko. Siku moja mjomba hayuko, nikampeleka Pilipili kwa sinki, nikafungua mfereji, nikarekodi. Ile video ilienda mbali kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Pilipili naye alikaa wiki tatu hataki kuniona. Nikiingia sebuleni anajibana kwa kona ya kizimba. Akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifua.

Mjomba hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Jitu lenye uzito mara mia moja yako likikushika shingo likutumbukize mtoni, utasema wewe ndio unaogopa maji?"

Sikuwa na jibu. Wewe unalo?

Fikiria kidogo. Huyu ni ndege wa misitu ya mvua, kutoka Afrika Magharibi mpaka Congo, na hata kwetu Kakamega amewahi kuishi. Mvua anaijua kukuliko. Lakini mvua ya msituni inatoka juu, inaanza polepole, na ndege mwenyewe anaamua kama atakaa ama atajificha. Mfereji hauna hiyo heshima, na mkono wako pia hauna.

Najua utaniambia, "Lakini si lazima aoge?" Ndio, lazima. Kasuku wa kijivu hutoa unga mweupe kwa manyoya, na ngozi yake ikikauka anajikuna. Lakini kuna njia. Chukua chupa ya kunyunyiza, maji ya vuguvugu, nyunyiza juu yake yashuke kama manyunyu, usimlenge usoni. Akikataa, mwekee sahani pana yenye maji kidogo, aikague mwenyewe. Akikataa tena, osha majani ya sukuma wiki, umwekee yakiwa yanadondoka maji, ajisugue nayo. Fanya asubuhi ndio akauke kabla baridi ya jioni. Sabuni hapana. Akisonga mbali, acha. Jaribu kesho.

Ni kazi ya polepole, na hapo ndipo shida yetu iko. Subira haileti watazamaji, hofu inaleta. Tumejifunza kuuza hofu ya mnyama na kuiita utani.

Na usidhani inaishia kwa sinki yako. Tangu 2017, CITES imepiga marufuku biashara ya kimataifa ya hawa kasuku wanaotegwa porini, kwa sababu wanaisha. Bado wanategwa, bado wanafichwa mizigoni. Kila video ya kasuku wa kuchekesha inamfanya mtu fulani aseme, "Nami nataka mmoja." Hapa Kenya kumfuga bila kibali ni kosa, lakini video haisemi hivyo. Pia haisemi kwamba kasuku anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Wewe utakuwa umesahau video, yeye bado anakumbuka mkono wako.

Yangu niliifuta. Nilipoteza wafuasi, sikufa. Miezi miwili baadaye Pilipili alijibingirisha kwa majani ya sukuma, akafungua mabawa, akalowa mpaka kichwa. Sikurekodi. Simu ilikuwa chumbani, na huko ndiko ilifaa iwe.

Kama una video kama ile yangu, unajua cha kufanya. Usiniambie ni jokes. Muulize ndege.