OILI YASEMA, HAPANA ASIKIAYE



Tulipopita Rungwe Mpya, katika njia ya Kasulu, tuliona greda limelala kando ya barabara, majani yameota hata katikati ya vyuma vyake. Tukauliza, tukajibiwa: "Injini ilikufa ghafla, ni kudra ya Mungu." Mwenye greda hatumtaji, wa namna yake ni wengi, Bara na Visiwani. Lakini jawabu lile hatulikubali. Kumsingizia Mwenyezi Mungu uvivu wa karakana ni utovu wa adabu. Hata yule bedui aliambiwa amfunge ngamia wake kwanza, ndipo atawakali.

Injini aghalabu haifi ghafla. Huugua kwanza, na ugonjwa wake huandikwa ndani ya oili. Ichukuliwe kidogo injini ingali moto, itiwe katika chupa safi, ziandikwe saa ilizofanya kazi; maabara itasema. Chuma kikizidi, huenda silinda zinalika. Risasi na shaba zikizidi, zitazamwe beringi. Ikizidi silika, vumbi limepenya chujio la hewa, na asiyelijua vumbi jekundu la nyanda za Kigoma wakati wa kiangazi na aende akalione. Chupa moja haitoshi: ya leo hulinganishwa na iliyotangulia, kama sisi wenye maduka tulinganishavyo madaftari. Desturi ya wengi ni kila saa 250 za kazi. Kwetu oili chakavu humwagwa shimoni, au hupakwa mbao zisiliwe na mchwa. Ushahidi wote unaliwa na mbao!

Wala si elimu mpya. Mwaka 1946 reli ya Denver and Rio Grande Western, huko Marekani, ilikwisha kupima hivyo oili ya vichwa vyake vya dizeli. Mwaka ule ule Waingereza walikuwa wakipanga karanga za Kongwa. Mwaka 1947 wakaleta matrekta, mengi yakiwa yamekwisha kutumika, yakaharibika kwa wingi. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na mamilioni ya pauni yamepotea. Hatusemi chupa ingaliiokoa Kongwa, maana ardhi na mvua navyo viliikataa. Twasema tabia ile imerithiwa: nunua, vunja, nunua tena.

Watasema maabara iko mbali. Chupa ile haizidi ya dawa ya kikohozi, na mabasi ya Kasulu hufika Dar es Salaam.

Na mtu wa kisiwani ana nini na greda la Kasulu? Ana maharage. Barabara ikiharibika, lori hukwama, bei hupanda, na anayetukanwa na mama mwenye watoto ni sisi tulio nyuma ya mizani.

Basi kila mwakilishi wetu, popote mashine ya umma inapotajwa, iwe greda, jenereta au meli, na asimame aulize: chupa ya mwisho ilichukuliwa lini, ikasema nini, na nani aliisoma?