JUMBA LA MISAFARA LA BAGAMOYO LATUHUSU



Wapo miongoni mwetu wasemao: "Jumba la Bagamoyo latuhusu nini sisi watu wa visiwani? Liko ng'ambo, na lina wenyewe." Kauli hii twaikataa. Serikali ya Zanzibar ilipofuga ng'ombe wake Makurunge, katika ranchi ya RAZABA, mbona Bagamoyo haikuwa ng'ambo? Au ujirani huhesabiwa penye maziwa tu?

Jumba hilo, liitwalo Karavanserai, halikuwa kasri wala ngome. Lilikuwa pahala pa biashara. Kutoka Bagamoyo misafara ilishika njia ya Tabora na Ujiji, na huko ilirejea na pembe. Pembe zile zilivuka bahari kuja Unguja, na ushuru ukaingia hazina ya Sayyid. Basi fahari ya Mji Mkongwe, kwa sehemu si ndogo, ililipwa kwa bega la mpagazi wa Kinyamwezi na kwa machozi ya mtumwa. Ajivuniaye faida akaukana mzigo, huyo si mfanyabiashara mwaminifu.

Tena tukumbuke: mwaka 1888 Sayyid Khalifa aliikodisha pwani hiyo kwa kampuni ya Kijerumani, na mwaka 1890 ikauzwa kwa marki milioni 4. Wenyeji hawakuulizwa. Bushiri bin Salim akashika silaha, akanyongwa Pangani Desemba 1889. Kuamuliwa bila ya kuulizwa si jambo geni kwetu, wala halijatuishia hamu ya kulipinga.

Ama sheria, nayo ina tundu. Sheria ya Mambo ya Kale ya Bara, ya mwaka 1964, huyakinga yenyewe majengo ya kabla ya 1863. La baada ya hapo hungoja Waziri alitangaze. Lakini Boma la Bagamoyo ni la 1897, na jumba alilolitoa Sewa Haji liwe skuli ya watoto wa kila kabila lilitolewa 1896! Je, mawe haya yana thamani pungufu kwa kuchelewa miaka 30? Wasema Bagamoyo imo katika orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006. Alhamdulillahi, lakini orodha haiezeki paa.

Wala tusiwanyooshee kidole jirani huku kwetu kunavuja. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa mikononi mwa mafundi, na watu wawili wakafa. Ukarabati unaongoja nyufa ziwe mapengo hulipwa kwa roho za watu.

Kwa hiyo twadai mambo matatu, Bara na Visiwani. Hali ya kila jengo la kale ikaguliwe na itangazwe. Mapato ya viingilio na matumizi yake yabandikwe hadharani. Sisi tukaao dukani twajua kwamba kisichoandikwa daftarini ndicho kipoteacho. Na mgeni aingiapo Karavanserai asimuliwe habari za mpagazi na mtumwa kabla ya habari za Mzungu aliyepita.

Atakayejibu kuwa fedha hakuna, na atuoneshe daftari.

Wabillahi tawfiq.