Tahariri: Mito ya migodi ipimwe kwa vidudu vya maji, bila kungoja samaki wafe

Katika Lualaba na Haut-Katanga, watu huanza kuuliza juu ya maji ya mto siku samaki wanapoelea. Siku hiyo tayari ni kuchelewa. Mbele ya samaki, viumbe vidogo vilikwisha kufa, na hakuna ofisi iliyovihesabu.

Viumbe hivyo ni dafnia, ostrakodi na kopepodi, vidudu vya jamii moja na kaa. Vingi havifiki milimeta 3. Vinakula mimea midogo sana ya majini, na samaki wachanga wanavikula vyenyewe. Sambaza wa Ziwa Kivu na ndakala wa Tanganyika wanategemea chakula cha namna hiyo. Vidudu vikiisha, wavu unarudi mtupu na bukari inabaki bila mboga.

Namna metali zinavyoviua inajulikana. Shaba kidogo mwili unaihitaji, lakini ikizidi inazuia kidudu kushika chumvi ndani ya mwili wake, kinalegea na kufa. Kadmiamu inaziba njia ya kalisiamu, na kidudu kinapokua kinavua gamba mara kwa mara na kujenga jingine kwa kalisiamu hiyo. Hata kinachopona kinazaa watoto wachache. Kwa hiyo maji yanaweza kuonekana safi machoni wakati uzao wa vidudu umekwisha kukatika.

Jambo hili si la kigeni kwetu. Mto Panda unapokea maji ya viwanda vya Likasi, unaingia Lufira, na Lufira inajaza Ziwa Tshangalele, ambako watu wanavua. Kule Kolwezi, watafiti walikwisha kutumia ostrakodi kupima matope ya mito, Luilu ikiwemo, na matope yakaonekana kuwa na sumu. Binadamu naye hakuepuka: mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi ya Katanga wana kobalti nyingi katika mkojo.

Kipimo chenyewe hakihitaji mitambo mikubwa. Dafnia wanawekwa ndani ya maji ya mto kwa masaa 48, kisha wanahesabiwa wasioweza tena kuogelea. Ostrakodi wanawekwa katika matope kwa siku 6, kisha wanahesabiwa waliokufa na kupimwa waliokua. Labo ya kemia inapima kila metali peke yake, lakini mtoni shaba, kobalti, zinki na risasi zinafika pamoja. Kidudu kinaonja mchanganyiko wote.

Kampuni zitajibu kwamba udongo wa Katanga una shaba na kobalti tangu zamani. Ni kweli. Ndiyo sababu mto upimwe mahali pawili, juu ya mgodi na chini yake. Vidudu vikiishi juu na kufa chini, hoja ya udongo inaanguka. Tena kidudu hakitaji jina la aliyemwaga sumu, kwa hiyo kemia itabaki ya lazima. Kazi ya kidudu ni kupiga yowe mapema.

Sheria hazikosi. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya madini, iliyorekebishwa 2018, inamtaka mwenye kibali kulipa madhara ya kazi yake hata kama hakukosea. Lakini mama anayeloweka muhogo mtoni atathibitisha madhara kwa karatasi gani, ikiwa matokeo yote yanakaa kwa kampuni?

Serikali iagize Shirika la Mazingira la Congo, ACE, lifanye kipimo hiki pamoja na vyuo vikuu vyetu mara mbili kwa mwaka: mwisho wa kiangazi, maji yanapopungua, na mvua ya kwanza inapoosha mabaki ya migodi. Gharama itoke kwa wenye vibali, lakini sampuli isichukuliwe na wao. Matokeo yasomwe kwa redio, kwa Kiswahili, pamoja na jina la mto na la kijiji. Pale ambapo vidudu vimekufa, watu wapewe maji mengine ya kunywa kwanza, na mabishano juu ya nani alikosea yafuate nyuma.