Pangani si Bweni

Wako wasemao kwamba historia ya nchi hii imo katika miji ya kale ya mwambao na katika vijiji vya bara, na kwamba viunga vya miji yetu ya leo ni mahali pa kulala tu, pa watu waliokuja juzi kwa kufuata bei ndogo ya viwanja. Maneno hayo nimeyasikia ofisini na katika semina za utamaduni, na katika taarifa nimeyaona yakivikwa lugha ya adabu: eneo jipya, eneo lisilo na mila maalumu. Nayapinga maneno hayo. Nayapinga nikiwa mtumishi wa serikali ambaye mkono wake umepata kuandika taarifa za namna hiyo, kwa hiyo asidhani msomaji kwamba nawasema wengine nikajisahau.

Nitatoa mfano wa Pangani. Sisemi Pangani ile ya Tanga, ambayo kila mwanafunzi huijua kwa habari za Abushiri bin Salim, aliyewapiga Wajerumani tangu mwaka 1888 hata wakamnyonga huko Desemba 1889. Wala sisemi Pangani ya Nairobi, kiunga cha Waswahili ambacho wakazi wake, baadhi yao wanawake waliojijengea nyumba kwa jasho lao, walivunjiwa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuhamishiwa Shauri Moyo. Pangani hizo mbili zimepata waandishi. Nasema Pangani ya tatu, kata ya mjini Kibaha, iliyo nje ya barabara kuu ya Morogoro, ya mihogo na mikorosho na nyumba za matofali zisizokwisha kujengwa. Hiyo haina hata ukurasa mmoja.

(Mshairi haachi kuchezea maneno, nanyi mtanisamehe. Jina hili ukilisoma kama kitenzi, ni amri kwa watu wengi: pangeni nyumba, pangeni safu, pangeni shauri lenu. Sidai kwamba jina lilitoka humo. Nasema tu kwamba wakazi wake wameitii amri hiyo kuliko sisi wenye ofisi za mipango.)

Wenye kuita Kibaha bweni la Dar es Salaam wamesahau kwamba hata mwanzoni mwa miaka ya 1970 Dar es Salaam yenyewe ilikuwa ikihesabiwa ndani ya Mkoa wa Pwani. Wamesahau pia kwamba kabla ya Sultani Majid kuanza kujenga pale katika miaka ya 1860, palikuwa na kijiji cha Mzizima, na Wazaramo walikuwako huku na huko kabla ya pande hizo mbili kutengwa na mpaka wowote wa mkoa. Nani basi ni mgeni wa nani? Kibaha ilitoka Kisarawe na kuwa wilaya mwaka 1979. Kwa hiyo anayetafuta habari za Pangani katika majalada ya zamani, akatazama neno Kibaha tu, atarudi mikono mitupu na kusema hakuna kitu. Kitu kipo, ila kimeandikwa chini ya jina la Kisarawe.

Hata upya wa Kibaha nao una umri. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilikubaliana na serikali ya Tanganyika kuanzisha hapo kituo cha elimu, afya na kilimo, ambacho mwaka 1970 kilikabidhiwa kwetu na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Wapishi, wauguzi, mafundi na walimu walikuja kutoka kila pembe ya nchi. Wengi walistaafu, wakanunua shamba hapa na pale, wakazikwa papa hapa. Mtazame jina la Kwa Mfipa, mahali penye Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere iliyofunguliwa mwaka 2022. Katika nchi ya Wazaramo na Wakwere, mahali pameitwa kwa mtu wa Ufipa, kutoka ng'ambo ya pili ya nchi, na hakuna aliyelalamika. Tunaandika vitabu juu ya umoja wa Taifa, na ushahidi wake makondakta wa daladala wanautangaza kila siku tusiusikie.

Lakini historia ya kiunga haimo katika majengo. Imo msibani, na hapa naomba msomaji anivumilie nikae kidogo.

Akifa mtu katika viunga hivi, kabla jua halijapanda, mjumbe amekwisha toa daftari. Vijana wanakwenda kuchimba, wanawake wanakusanya sufuria za nyumba hii na ile, mikeka inatandikwa chini ya mwembe, na kila atoaye anaandikwa jina na kiasi. Marehemu akiwa Mzaramo, huja mtani wake Mnyamwezi akafanya fujo zake: hushuka akajilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa hucheka wakiwa na machozi. Mgeni asiyejua hudhani ni mwenda wazimu. Na utani huo si mchezo wa jana. Ni mkataba uliofungwa katika karne ya kumi na tisa, wakati misafara ya wapagazi wa Unyamwezi ilipopita nchi hii ikielekea Bagamoyo na pembe, ikihitaji maji, chakula na usalama wa njia. Njia ile imekufa. Reli iliichukua nafasi yake, kisha lami, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita Soga na Ruvu kwa kasi ambayo abiria hawahi hata kusoma kibao cha stesheni. Mkataba wenyewe ungali hai, nao hautekelezwi jukwaani mbele ya wageni waheshimiwa, bali kandoni mwa kaburi katika kiunga kinachoitwa hakina mila.

Sasa nitaje kosa langu. Zamani kidogo, katika mji ambao sitautaja, nilitumwa kujaza fomu ya hali ya utamaduni mtaa kwa mtaa. Fomu iliuliza: kabila, ngoma ya asili, vazi la asili, chakula cha asili. Katika mtaa mmoja wa pembezoni, penye makabila kumi na zaidi, nilichoka kuuliza, nikaandika: hakuna. Mama mmoja mtunza fedha za chama cha kuzikana alinitaka nimsomee nilichoandika. Nikamsomea. Akaniambia, "Mwanangu, kama hakuna, huyu tuliyemzika jana tulimzika na nani?" Sikuwa na jibu. Fomu nayo haikuwa na mahali pa kuandika swali lake, na ilikwenda makao makuu kama ilivyokuwa.

Wapinzani wangu watanijia na methali: mwacha asili ni mtumwa. Sawa. Lakini asili ya mtoto aliyezaliwa Pangani kwa baba Mkwere na mama Mhaya ni ipi? Tutamrudisha Bukoba akatafute utamaduni, kisha arudi nao ndani ya kikapu? Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alisema kwamba anataka tutafute yaliyo bora katika mila za makabila yetu yote tuyafanye sehemu ya utamaduni wa Taifa. Sisi tulifasiri maneno hayo kwa njia nyepesi: tukaunda vikundi vya ngoma. Mdundiko, ambao ni ngoma ya kutembea, inayopita njiani ikiwazoa watu mlango kwa mlango, tuliutia katika uwanja wenye kamba, tukaupangia dakika kumi kabla ya hotuba. Kule mitaani, kazi aliyoisema Mwalimu ilikuwa ikifanywa na watu wasio na bajeti wala afisa.

Mwaka 2022 tulipata nafasi adimu. Kabla ya sensa ya tarehe 23 Agosti, nchi nzima iliingia katika operesheni ya Anwani za Makazi; kila njia ilitakiwa iwe na jina, kila nyumba namba. Ni kazi njema, nami sina ugomvi nayo. Gari la wagonjwa halifiki kwa mafumbo. Ugomvi wangu ni na haraka. Mahali pengine wazee waliulizwa, majina ya njia yakatoka vinywani mwao. Pengine, na hapo nilikuwapo kwa macho yangu, majina yaligawiwa kama vitafunio: njia hii Embe, ile Nanasi, inayofuata Papai. Mzee mmoja alisema njia hiyo ina jina, la mtu aliyeikata kwa panga ili watoto wafike shuleni. Akaambiwa muda umekwisha.

Nguzo inaweza kubadilishwa. Daftari likiliwa na mchwa halirudi. Madaftari ya wajumbe wa nyumba kumi, ya vyama vya kuzikana, ya misikiti na vigango, ndiyo nyaraka za viunga vyetu: humo mna majina, tarehe, alikotoka mtu, aliyemdhamini, alichotoa kwa jirani mwaka wa njaa na alichopewa zamu yake ilipofika. Yako mvunguni mwa vitanda, na wenyewe ni watu wa miaka sabini na themanini. Kuyanakili hakuhitaji wataalamu kutoka ng'ambo. Kunahitaji karani mmoja kwa kila kata, kalamu, na ruhusa ya wenyewe. Nami nasema ofisi za utamaduni zikianza na Pangani, zianze kabla ya masika, maana mapaa mengi huko yanavuja.