Maandishi ya Pembeni Yasipotee Njiani

Daktari wa Mji Mkongwe anapoandika pembeni mwa mwongozo wa PDF kwamba dozi ya mtoto ipunguzwe, maandishi hayo ni sehemu ya tiba. Zipo programu zinazoyahifadhi nje ya faili; likitumwa kituo cha shamba, muuguzi hulipokea bila onyo lile. PDF ni kiwango cha kimataifa tangu 2008. Programu ya kuaminika huandika ndani ya faili lenyewe, yakasomeka katika kompyuta yoyote. Tena hujihifadhia kazi yenyewe kila mara: Unguja, iliyokosa umeme takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, yajua sababu. Na mgonjwa alindwe: mstari mweusi uliochorwa juu ya jina lake haulifuti, hulifunika tu.