NONDO WAWILI, JINA MOJA: NANI KATUROGA?

Mtajie kijana wa mjini "nondo" atakwambia chuma cha zege, au hoja nzito. Mimi niandikaye toka Wampembe, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, nasema nondo mdudu, yule anayezunguka koroboi usiku. Na nina ugomvi, ndugu msomaji: ugomvi wa jina.

Miaka nenda rudi tunao viwavijeshi, ambao wataalamu huwaita Spodoptera exempta. Hao ni jeshi kweli: hutembea kwa makundi, wanafyeka shamba hili, wanahamia lile. Mwaka 2017 mahindi ya Rukwa yetu yakavamiwa na mgeni mwenye asili ya Amerika, Spodoptera frugiperda. Huyu hana gwaride. Hujificha kwenye moyo wa mmea, ndani ya majani machanga yaliyojikunja, akatafuna kimya kimya.

Tukamwita nani? Viwavijeshi tena! Tumetafsiri Kizungu, tukalala. Neno "vamizi" likabandikwa nyuma kama kiraka, na shambani kiraka chenyewe kinadondoka. Jina linamwambia mkulima asubiri jeshi. Anatazama barabarani, kumbe mwizi yuko chumbani. Akipuliza dawa juu juu, isifike kwenye moyo wa mmea, kiwavi hana habari.

Mtasema jina likishatolewa halibadilishwi. Nani kasema? Huyo frugiperda, James Edward Smith alimwandika Phalaena mwaka 1797. Baadaye akaitwa Laphygma, leo ni Spodoptera. Nondo wa nyanya ndiyo kabisa! Edward Meyrick alimwita Phthorimaea absoluta mwaka 1917. Akahamishwa ukoo huu na ule, mwaka 1994 akawa Tuta absoluta, na mwaka 2021 akarudishwa Phthorimaea kulekule. Miaka zaidi ya 100, jamani, na hakuna aliyeona haya. Wakikagua viungo na vinasaba, wakaona jina linadanganya kuhusu ukoo, wanalifuta.

Na wakulima wetu je? Nondo huyo wa nyanya alipoingia nchini, walimwita Kantangaze. Nenda kanitangaze! Neno moja, na hasara yote imo ndani yake. Halikutafsiriwa toka popote.

Sisi waandishi chipukizi tuko wapi? Tunagombania vina vya mapenzi na mbalamwezi, wakati anayekula ugali wa taifa hana jina lake mwenyewe. Eti tukibadili watu watachanganyikiwa. Si wamekwisha kuchanganyikiwa!

Mimi nasema: chukueni daftari, nendeni mashambani, Namanyere, Laela, popote. Waulizeni kina mama na wazee wanamwitaje huyu wa kujificha. Jina mtakalopewa litieni kwenye hadithi na mashairi yenu. Likishika, libaki. Likidanganya, tulifute bila aibu, kama wafanyavyo wenye darubini.

Anayebisha, alete nondo zake.